Faili halifunguki: maswali ninayoulizwa kila siku

Ninafanya kazi kwenye steshenari iliyo jirani na chuo. Mlangoni tumeandika kuprinti, kutoa kopi na kuskani, lakini hasa majira ya kukusanya ripoti hazipiti saa mbili bila mtu kuingia ameshika flashi, uso umemshuka: "Mama, faili langu limegoma." Haya ndiyo wanayoniuliza na ndiyo ninayowajibu. Kompyuta nyingi za huku ni za Windows na menyu zake ni za Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe nimeyaacha kama utakavyoyakuta kwenye skrini.

Faili limekataa kufunguka. Nianzie wapi?

Anza kwa kulinakili. Liweke kwenye desktop, halafu majaribio yote yafanyie ile nakala. Faili lenyewe liache lilipo. Nalitanguliza hili kwa sababu mafaili mengi niliyoshuhudia yakipotea kabisa hayakuuawa na hitilafu ya kwanza. Yaliuawa na kuhangaika kwa mwenyewe: amelifungua kwa programu isiyohusika, programu ikamwuliza kama ahifadhi, akakubali, na kazi ya miezi mitatu ikafunikwa na takataka.

Ukishanakili, tazama ukubwa wake. Libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties. Ripoti ya kurasa 60 yenye picha haiwezi kuwa na KB 0. Kisha lijaribu kwenye kompyuta nyingine, hata kwenye simu. Likifunguka huko, faili ni zima. Mgonjwa ni kompyuta yako au programu yake, na hapo unaweza kushusha pumzi.

Nilipakua MB 9 kati ya 10. Kwa nini nisisome hata hizo 9?

Kijana mmoja aliniuliza hivi kwa uchungu kweli, na jibu lake linaeleza nusu ya matatizo yaliyo kwenye ukurasa huu. Mafaili mengi huweka orodha ya yaliyomo mwishoni. Faili la Word la docx ni furushi la ZIP lenye vipande vingi ndani, na orodha inayosema kila kipande kimeanzia wapi iko mwisho kabisa wa furushi. PDF nayo kwa kawaida ina jedwali lake mkiani. Video za MP4 za kwenye simu mara nyingi huandikiwa faharasa yake pale unapobonyeza kusimamisha kurekodi.

Basi bando likikatika katikati, flashi ikichomolewa taa yake bado inawakawaka, au simu ikizimika harusi inaendelea kurekodiwa, kinachopotea ni ule mwisho. Maneno yako yapo, picha zipo, ila programu haijui zilipo. Ndiyo maana dawa ya kwanza haina gharama: lipakue upya, au linakili upya kutoka lilikotoka, kisha linganisha ukubwa wa hilo jipya na la mwanzo. Namba zikilingana na likafunguka, kazi imekwisha.

Kiendelezi ni nini, na mbona kwangu sikioni?

Ni zile herufi baada ya nukta ya mwisho kwenye jina: .docx, .pdf, .jpg, .xlsx. Windows huzitumia kuamua ni programu gani iitwe, lakini kwa kawaida huzificha. Zifichue. Kwenye Windows 10 fungua folda yoyote, nenda View, weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 11 ni View, kisha Show, kisha hapo hapo File name extensions. Kila kompyuta ninayoshika naanza na hilo, maana bila kuziona unatibu gizani. Pia utawakamata wahuni: faili linalojiita "ankara.pdf" kumbe jina kamili ni "ankara.pdf.exe" si ankara, ni programu inayosubiri uibofye.

Jambo moja naomba lieleweke. Kubadili herufi hizo hakubadili faili. Ukiipa picha kiendelezi cha .docx, bado ni picha. Ukitaka aina nyingine kwa kweli, lifungue kwenye programu yake halafu tumia Save As au Export.

Kama jina linaweza kudanganya, nitajuaje ni faili la aina gani?

Lichungulie mwanzo wake. Chukua ile nakala, ifungue kwa Notepad. Utaona herufi za ajabu zimejaa ukurasa. Usiogope, na kwa hali yoyote usihifadhi. Tazama herufi chache za kwanza tu, maana karibu kila aina ya faili ina alama yake mwanzoni.

Ukikuta PK, hilo ni furushi la ZIP, na ndani ya ukoo huo wamo docx, xlsx na pptx. PK ni herufi za kwanza za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni ZIP. Ukikuta %PDF, ni PDF hata kama jina linasema vingine. JFIF au Exif karibu na mwanzo ni picha ya JPEG. PNG inajitaja yenyewe. "Rar!" ni furushi la RAR. "ftyp" mara nyingi ni video ya MP4, ila ikifuatiwa na "heic" ni picha ya iPhone. MZ ni programu, na kama ulitarajia barua ya kazi ukakuta MZ, futa mara moja.

Kuna mawili mengine. Ukikuta maneno kama "<!DOCTYPE html", hukupakua waraka, ulipakua ukurasa wa tovuti, mara nyingi ule wa kukutaka uingize neno la siri au wa kukwambia kiungo kimekwisha muda. Rudi kwenye tovuti, ingia kwenye akaunti yako, pakua tena. Na ukikuta ukurasa mtupu kabisa, au nafasi tupu mwanzo hadi mwisho, ukubwa umeandikwa ila yaliyomo hayakuandikwa kamwe. Hapo acha kulitibu faili lenyewe, tafuta nakala nyingine.

Linafunguka kwa kaka yangu, kwangu ng'o. Tatizo nini?

Huna programu yake, au unayo ya zamani. Docx ilikuja na Office 2007. Kompyuta yenye Office ya kabla ya hapo haiifahamu mpaka iongezewe kiunganishi. Kwa mtu asiye na Office, LibreOffice ni ya bure na hufungua doc, docx, xls, xlsx na pptx, ingawa meza na nafasi zinaweza kuhama kidogo. Windows ikikuuliza ifungue kwa nini, bofya kulia, Open with, chagua programu sahihi, na weka alama ya kudumu ikiwa una uhakika.

Hapa niseme na wenzangu wa steshenari. Kadi za harusi, kadi za michango, mitihani ya shule, vyote hivi tumevitengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, miaka nenda rudi, na faili la .pub halifunguki kwa Word. Microsoft imekwisha kutangaza kwamba Publisher haitahudumiwa tena baada ya Oktoba 2026, na wanaotumia Microsoft 365 hawataweza kuifungua humo. Kama una folda lenye kadi za miaka kumi, usingoje. Fungua moja moja, toa PDF ya kila moja, na zile unazozihariri mara kwa mara zihamishie Word. LibreOffice Draw inaweza kufungua .pub nyingi, lakini nimeijaribu kwenye kadi zenye fremu za maua na maandishi ya kupinda, na mpangilio ulivurugika. Kwa barua na fomu za kawaida inatosha.

Word inasema faili limeharibika. Kuna matumaini?

Yapo, tena mengi. Fuata mpangilio huu kwenye nakala. Fungua Word yenyewe, nenda File, Open, Browse, lichague faili bila kulifungua, kisha bonyeza kimshale kilicho pembeni ya kitufe cha Open na uchague Open and Repair. Isipokubali, palepale penye kuchagua aina ya faili chagua Recover Text from Any File. Hii inatoa maneno tu, picha na mpangilio unavikosa, lakini mtu mwenye kurasa 80 za maneno hana sababu ya kulia. Ikishindikana, jaribu LibreOffice. Mara nyingi imefungua kilichoshinda Word.

La mwisho ni lile nililolitaja la ZIP. Badili kiendelezi cha nakala kutoka .docx kuwa .zip, ifungue kwa 7-Zip, programu ya bure ya kufungulia mafurushi. Ndani utaona folda liitwalo word. Humo faili la document.xml lina maneno yako yakiwa yamechanganyika na alama, na folda la media lina picha zako zikiwa nzima. Nimewahi kuokoa michoro ya ramani ya mtu kwa njia hii wakati maneno yalikuwa yamekwenda.

Ripoti yangu ina KB 0. Ndiyo imekwisha?

Ngoja nieleze kilichotokea hapa. Binti wa mwaka wa tatu aliingia saa kumi na moja jioni, ripoti inakusanywa kesho yake asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akanipa flashi, mkono unatetemeka. Ndani kulikuwa na faili moja la Word, KB 0. Nikamwuliza, "Ulikuwa unaandikia kwenye flashi yenyewe?" Akasema ndiyo, laptopu ni ya rafiki yake, hakutaka kuacha kitu kwake. Umeme ulikatika, betri ya laptopu ni mbovu, ikazima.

Nikaenda View, nikaweka tiki kwenye Hidden items. Pakatokea faili lililofifia, jina lake ~WRL0003.tmp, MB 3 na ushee. Word ikihariri waraka huacha mafaili ya muda kwenye folda lile lile, na kwa kawaida huyafuta yenyewe ukifunga vizuri. Ikizimika ghafla, hubaki. Nililinakili kwenye desktop, nikabadili .tmp kuwa .docx, nikabofya. Kurasa 52 zikafunguka. Zilipungua aya mbili za sura ya tano alizoandika mchana ule. Alikaa kwenye benchi akaziandika upya, tukaprinti saa mbili usiku.

Kwa hiyo KB 0 si hukumu. Tafuta mafaili yaliyofichwa yenye ~WRL kwenye folda lile lile. Kwenye kompyuta uliyoandikia, fungua Word, nenda File, Info, Manage Document, Recover Unsaved Documents. Tazama pia folda la AppData, Roaming, Microsoft, Word, utafute mafaili ya .asd, Word huyahifadhi yenyewe kila baada ya dakika 10 kama hukubadili mpangilio. Wala usisahau barua pepe: kama uliwahi kumtumia msimamizi wako rasimu, iko kwenye zilizotumwa.

Na kuanzia leo andikia kwenye kompyuta, ukimaliza ndipo unakili kwenye flashi. Usiandikie kwenye flashi.

Mafaili yote kwenye flashi yamegeuka shotikati (vinjia vya mkato). Nibofye?

Usibofye hata moja. Hicho ni kirusi: kimeyaficha mafaili yako halisi na kuweka shotikati zenye majina yale yale, na kila ukibofya unakiendesha kirusi upya na kukihamishia kwenye kompyuta. Kwanza skani flashi kwa Windows Security au antivirusi yako. Kisha fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, uandike mstari huu, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Mafaili yatajitokeza, wakati mwingine yakiwa ndani ya folda lisilo na jina. Yahamishie kwenye kompyuta safi, ndipo uifomati flashi, yaani uifute yote na kuiandaa upya. Naomba sana usiifomati kabla ya hapo. Kuna baba alikuja kwangu akiwa amekwisha kupita kwa fundi mmoja ambaye alimwambia flashi ina virusi, akaifomati, akalipwa. Picha zote za mazishi ya mama yake zilikuwemo, zimefichwa tu, zima kabisa. Tulizirudisha baadhi.

Windows inaniambia nifomati diski kabla ya kuitumia. Nikubali?

Bonyeza Cancel. Jaribu mlango mwingine wa USB, jaribu kompyuta nyingine. Ikiendelea hivyo hivyo, tumia PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier inayotafuta mafaili kwa zile alama za mwanzo nilizozieleza, hata pale orodha ya diski ilipoharibika. Majina ya mafaili utayakosa na utakuta picha 3,000 zenye namba tu, lakini zipo. Unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye ile ile inayougua.

Nimetumiwa WhatsApp, simu inasema haiwezi kufungua.

Angalia jina. Mara nyingi waraka hufika ukiitwa kitu kama DOC-20250114-WA0003 na baada ya nukta hakuna kitu. Kiendelezi kimedondoka njiani. Lihamishie kwenye kompyuta, lichungulie kwa Notepad, ukikuta %PDF liongezee .pdf, ukikuta PK jaribu .docx, kisha .xlsx. Dakika moja imekwisha. Kama hukuwahi kulipakua na muda mrefu umepita, mwombe aliyekutumia alitume upya.

Picha za iPhone hazifunguki kwenye kompyuta yangu.

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone hupiga picha za HEIC, zinazochukua nafasi ndogo. Kwa Windows, pakua HEIF Image Extensions kutoka Microsoft Store. Mwenye simu naye aende Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible. Picha za kuanzia hapo zitakuwa JPEG. Za nyuma zinabaki HEIC mpaka zigeuzwe.

Video inatoa sauti bila picha.

Sakinisha VLC, programu ya bure ya kuchezea video, na wengi huishia hapo. Kama hata VLC imekataa na video ilikatika ikirekodiwa, usiifute. Kuna programu iitwayo untrunc inayoweza kuitengenezea faharasa upya, mradi uipe video nyingine nzima iliyopigwa na simu au kamera ile ile.

PDF inadai neno la siri.

Si ugonjwa. Taarifa za benki na za pesa za simu hufungwa makusudi, na neno lake mara nyingi limo kwenye ujumbe mfupi uliofuatana nayo au limeelezwa kwenye barua pepe yenyewe. Soma tena polepole. Usiipeleke taarifa ya benki kwenye tovuti za kufungua PDF.

Excel inalalamika kwamba aina na kiendelezi havilingani.

Mifumo mingi hutoa jedwali la HTML, lugha ya kurasa za tovuti, na kuliita .xls. Kama unamwamini aliyelitoa, kubali, halafu lihifadhi upya kama xlsx.

Filamu haikopiki kwenye flashi ingawa nafasi ipo.

Flashi imefomatiwa kwa mpangilio uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Toa vilivyomo, ifomati kwa mpangilio wa exFAT.

Kila faili limeongezewa herufi nisizozijua, na kuna barua inadai pesa.

Hili ndilo gumu kuliko yote. Mafaili yamefungwa kwa ufunguo alionao mhalifu, na kubadili kiendelezi hakusaidii chochote. Chomoa intaneti sasa hivi, chomoa flashi na diski zote za nje. Usilipe, wapo waliolipa wasirudishiwe kitu. Kwa kutumia kompyuta nyingine, nenda tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama wa kompyuta. Unawapa faili moja lililofungwa na ile barua, wanakuonyesha ni kirusi gani na kama ufunguo wake umepatikana. Kama haujapatikana, yatunze mafaili hayo kwenye diski pembeni, maana funguo huendelea kupatikana miaka ya mbele.

Wengi waliokuja na tatizo hili walikuwa wametoka kusakinisha programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Ukoo wa kirusi uitwao STOP, au Djvu, ulisambaa sana kwa njia hiyo hiyo. Najua bei ya programu halali inauma. LibreOffice haina bei.

Ni wakati gani niache kujaribu mwenyewe?

Diski ikianza kulia tak-tak-tak, au kompyuta ikiganda kila unapofungua folda fulani, zima. Kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza, na amri kama chkdsk, ile ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski inayokufa inaweza kumalizia kilichobaki. Ukienda kwa fundi, nenda na diski tupu ya kupokelea kitakachookolewa, mwambie waziwazi kwamba unataka mafaili kwanza na kifaa baadaye, mwandikie majina ya mafaili matatu unayoyahitaji kuliko yote, na usilipe mpaka umeyafungua mbele yake.